Ukitoka Dodoma kwenda Moa, uangalie mwezi kwanza

Mara ya kwanza nilipofika Moa, kijiji cha wavuvi wilayani Mkinga karibu na mpaka wa Kenya, bahari haikuwepo. Mimi ni wa Dodoma, samaki niliyekua naye ni perege wa Mtera. Nilisafiri siku mbili kwa hamu ya kupanda ngalawa, nikakuta tope, mikoko na vyombo vimelala ubavu. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwezi wa ngapi leo, mwanangu?" Nikamjibu, wa nane. Akainua kidole juu. "Nauliza ule."

Mtu wa bara alijue hilo kabla ya kukata tiketi. Sisi tunapanga safari kwa likizo na mshahara, lakini wenzetu wanapanga kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake inapita mita 3, na ufuko ukiwa tambarare basi maji huenda mbali kweli. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiondoki sana. Tena maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa waliyotoka wavuvi jana si saa ya leo. Ukitaka kuona taa za wavuvi wa dagaa usiku, nenda wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, na wengi hubaki nchi kavu. Ukitaka kufuatana na kina mama wanaookota kombe, bamvua ndiyo yako.

Upepo nao uuheshimu. Mimi nilikwenda kusi ikivuma, na nahodha akakataa kunitoa. Nilikasirika siku ile; leo namshukuru. Siku hizi naenda Novemba au Februari.

Njia yenyewe si ngumu: treni ya SGR mpaka Morogoro, halafu basi kupitia Chalinze na Segera hadi Tanga. Toa pesa Tanga mjini, uombe noti ndogo. Kutoka hapo ni lami ya Horohoro, kituo cha mpakani, kisha unachepuka kuelekea baharini. Chukua chandarua, maana mbu wa mikokoni si wa Dodoma. Zawadi beba karanga. Zabibu zangu zilifika maji matupu.

Sasa mpaka. Ukifika, kabla ya picha na kabla ya kuogelea, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe, na kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni. Mgeni anayezurura ufukweni karibu na mpaka lazima aulizwe, na wenyeji wako ndio watakaoulizwa zaidi. Mstari ule walikubaliana Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, wakauanzia mdomoni mwa mto Umba, ukapita katikati ya ndugu. Ndiyo maana utasikia mtu akisema shangazi yake yuko Vanga, ng'ambo Kenya, kama mimi ninavyosema wangu yuko Kongwa. Kijana anaweza kukuambia twende mara moja tu, tunarudi jioni. Usiende. Ukikamatwa wewe unaweza kutozwa na kurudishwa, lakini yeye anaweza kupoteza chombo kinacholisha nyumba nzima. Vanga nendeni kwa njia ya Horohoro, mgongewe muhuri. Na simu yako uiwekee mtandao wa nyumbani kwa mkono, la sivyo itashika wa Kenya na salio litaisha hujapiga popote.

Ijumaa usimsumbue mtu na habari za ngalawa mpaka sala ipite. Dada zangu, kanga mbili hutosha kila mahali. Kupiga picha, omba kwanza, hasa mnadani samaki wanaposhushwa.

Siku ya kuondoka nunua ng'onda, samaki wa kukaushwa. Wakaushwe sawasawa, wafungwe kwenye gazeti kisha kiroba, na umwambie konda mapema ili awaweke kwenye buti, si juu ya kichwa cha abiria mwenzio mpaka Morogoro.