Senti kumi za tundu za mwaka 1936

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa kwetu kuna dalali anauza senti kumi za tundu za mwaka 1936, zenye jina la Edward VIII. Anasema mfalme huyo hakumaliza hata mwaka mmoja, ndiyo maana sarafu zake ni adimu. Moja ni shilingi 60,000, nami nina akiba ya kununua kumi. Nikizitunza miaka mitano si zitapanda? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Akiba yako usiiguse kwanza.

Habari za mfalme ni za kweli. Alijiuzulu Desemba 1936 kabla ya kuvikwa taji. Lakini senti kumi zake zilikuwa zimeshagongwa Uingereza kwa mamilioni, zikasambaa Kenya, Uganda, Tanganyika, na Zanzibar iliyoiacha rupia mwaka huohuo. Ndiyo maana kila mkebe wa bibi hazikosekani.

Linganisha na Tabora, 1916. Vita vilifunga bahari, Wajerumani wakawa wanagonga fedha zao kwenye karakana ya reli. Sarafu za heller 20 za shaba (neno letu "hela" limetoka huko) zilipita milioni moja. Sarafu za rupia 15 za dhahabu, zile zenye tembo, zilikuwa kama 16,000 tu, na wanaozitafuta wako dunia nzima. Umri ni uleule, bei ni mbingu na ardhi.

Walanguzi wanachouza ni uvumi. Mwaka 1998 nilinunua hizohizo saba kwa dalali wa Kariakoo. Bei ilikuwa inapanda kila siku kwa sababu tulikuwa tunauziana sisi kwa sisi, hakuna mkusanyaji hata mmoja kati yetu. Kisha habari zikafika vijijini, mikebe ikafunguliwa, senti zikaja kwa mifuko ya rambo. Wiki ya tatu hakuna aliyeziuliza. Zangu ninazo hadi leo, na iliniuma, maana ilikuwa ada ya mtoto.

Mwulize dalali wako: "Nikikuletea kumi leo, utanipa ngapi?" Atakachotaja ndiyo bei.

Ukiipenda sarafu yenyewe, tafuta moja isiyosagika, kwa hela ndogo. Ishike kwenye mwanga: taji juu ya tundu, na upande wa pili pembe za ndovu zimelikumbatia. Ukiona herufi ndogo H au KN, hiyo imegongwa Birmingham. Na tafadhali, usiisugue kwa ndimu wala majivu. Ule weusi wake wakusanyaji wanautaka.