Traka ya setilaiti kwenye glaida: usitegemee kitufe cha SOS

Wengi hununua traka ya setilaiti, yaani kifaa kidogo kinachotuma mahali ulipo kupitia setilaiti, kwa sababu ya kitufe chake cha SOS cha kuomba msaada. Kwa anayerusha glaida, yaani ndege isiyo na injini, hicho ndicho kitu cha mwisho kutegemea. Ajali ya glaida huja ndani ya sekunde chache: bawa limegusa mwamba, au ndege mbili zimegongana zikizunguka kwenye hewa moja inayopanda, na mikono yote ina kazi nyingine. Baada ya hapo huenda kifaa kimevunjika, au mwenye kukibonyeza amezimia. Kinachobaki ni alama, yaani taarifa za mahali ulipokuwa, zilizokwisha kutumwa kabla mambo hayajaharibika. Kila ninachoshauri hapa kinalenga alama hizo: ziwe nyingi, zifike, na pawe na mtu anayeziangalia.

Nevada, magharibi mwa Marekani, inaonyesha vizuri kwa nini. Marubani wa glaida huenda Minden kwa ajili ya mawimbi ya upepo wa milima ya Sierra Nevada na joto kali la jangwani, kisha wanaambaa na milima kwa mamia ya kilomita juu ya mabonde ambayo simu haishiki. Tarehe 3 Septemba 2007 rubani Mmarekani Steve Fossett aliondoka kwenye ranchi moja ya jimbo hilo akiwa peke yake, safari hiyo kwa ndege ndogo yenye injini. Mwaka uliotangulia, yeye na rubani mwenzake Einar Enevoldson walikuwa wameweka rekodi ya dunia ya kupaa juu kwa glaida nchini Argentina, zaidi ya mita 15,400. Safari ile ya Nevada Fossett hakurudi. Utafutaji ulikuwa mkubwa mno na haukuzaa kitu. Mabaki yalipatikana Oktoba 2008 karibu na Mammoth Lakes, California, takriban kilomita 100 kusini mwa alikoondokea, tena kwa sababu mtu aliyekuwa akitembea mlimani aliokota vitambulisho vyake. Alama moja kila dakika 10 ingewaelekeza watafutaji upande wa kusini tangu siku ya kwanza.

Muda kati ya alama

Fanya hesabu kabla ya kuchagua kifurushi. Glaida inayokimbia kilomita 150 kwa saa hukata kilomita 25 kwa dakika 10. Ikipotea mara tu kabla ya alama inayofuata, wanaokutafuta wana duara la karibu kilomita za mraba 2,000, kubwa kuliko kisiwa kizima cha Unguja. Kwa dakika 5 duara hushuka hadi kama 490. Kwa dakika 2 linabaki 79 tu. Unaona kwamba ukipunguza muda kwa nusu, eneo linabaki robo. Ndiyo maana sioni aibu kumwambia mtu alipie kifurushi cha juu katika miezi ya kuruka na ashuke cha chini majira ya baridi.

Traka ya SPOT Gen4 huweza kutuma kila dakika 2.5, 5, 10, 30 au 60, na Garmin inReach hushuka hadi dakika 2, kila kimoja kulingana na kifurushi ulicholipia. Juu ya milima, zaidi ya dakika 5 ni kujidanganya.

Tofauti kubwa kati ya hivi viwili ni mtandao. inReach hutumia mtandao wa Iridium, setilaiti 66 zilizo juu kiasi cha kilomita 780, ambazo hupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, hivyo kinachotakiwa ni wewe kuona anga. SPOT hutumia Globalstar, ambako setilaiti lazima ikuone wewe na wakati huohuo ikione kituo cha ardhini. Nevada vyote vinafanya kazi. Ukitaka kuruka Mweiga, Kenya, kando ya milima ya Aberdare, fungua kwanza ramani ya huduma ya kampuni. Mimi ningebeba cha Iridium bila kufikiri mara mbili. Pia inReach hupokea majibu, na hilo litakuwa na maana tukifika kwenye kutua porini.

Simu mpya zenye SOS ya setilaiti, kuanzia iPhone 14, si mbadala. Unapaswa kuishika mkononi na kuielekeza angani, na haichori njia yako yenyewe ukiwa unaruka. FLARM, kifaa cha kuonya ndege zisigongane, nayo huonekana mtandaoni pale tu penye mpokeaji wa ardhini anayeisikia. Ukishuka nyuma ya ukingo wa mlima, umepotea.

Mahali pa kuifunga

Hapa ndipo alama nyingi hupotelea. Nyuzi za kaboni za mwili wa ndege huzuia mawimbi ya redio karibu kama chuma, lakini nyuzi za kioo huyapitisha. Ukiitia traka kwenye mfuko wa pembeni, chini ya paja au nyuma ya dashibodi, kaboni na mwili wako vitakula ishara. Mahali pazuri ni kwenye mshipi wa parachuti, juu kidogo ya kifua au begani, antena ikitazama juu kupitia kioo kinachomfunika rubani. Faida ya pili ni kubwa zaidi: ukilazimika kuruka nje, traka inaondoka nawe.

Ifunge upande usio na mpini wa kufungulia parachuti. Tumia mfuko mdogo ulioshonwa au ufungwe kwa velkro pamoja na kamba fupi. Karabina (kulabu ya chuma) inayoning'inia peke yake hupenda kunasa. Kisha keti, funga mikanda yote, peleka usukani hadi mwisho kila upande, na uhakikishe mkanda wa bega haukai juu ya vitufe. Kitufe cha SOS kina kifuniko chake, na kifuniko hicho kikipotea usiruke nayo hadi upate kingine. Iweke mbali na dira ya sumaku na mbali na simu.

Hata ikiwa mahali pazuri, baadhi ya alama hazitafika. Ukiwa umeinama digrii 45 kwenye mzunguko, antena inaangalia pembeni, na alama za njia hutumwa bila kusubiri uthibitisho. Taa ya kijani ya SPOT inasema imetuma, haisemi imepokelewa.

Baridi na joto navyo vina lao. Kwenye wimbi la mlima, mita 8,000, hewa ya kawaida huwa karibu nyuzi -37. Betri za alkali hufa mapema sana, kwa hiyo kwenye SPOT tia AAA za lithiamu zisizochajiwa, nne mpya. Ujue pia kwamba SPOT imeandikiwa kufanya kazi hadi mita 6,500. Kwa safari za juu zaidi usiihesabu. Upande wa pili, usiiache inReach juu ya dashibodi kioo kimefungwa huku ukisubiri kuvutwa ili upae. Kikomo chake ni nyuzi 60, na jua la Nevada chini ya kioo halina mzaha.

Kabla ya kuvutwa

Wasiliana na kampuni wiki moja kabla ya msimu. Kosa la kawaida kabisa ni kifurushi kilichositishwa tangu Oktoba ambacho hakuna aliyekifungua, likifuatiwa na namba ya dharura ya mtu ambaye hamwasiliani tena. Siku yenyewe, washa traka ukiwa nje, dakika 15 kabla ya kuondoka. Kwenye SPOT kuwasha hakutoshi, lazima ubonyeze pia kitufe cha kufuatilia. Kisha mpigie mtu wako wa ardhini akuambie kwamba ameona alama ya leo kwenye ukurasa wako wa ramani mtandaoni. Kuona taa inamulika si ukaguzi.

Mtu huyo wa ardhini ni nusu ya kifaa. Kiungo cha ukurasa huo kilichorushwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 40 hakiangaliwi na yeyote, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Teua mmoja kwa jina. Mwachie karatasi yenye namba ya usajili, rangi ya ndege, njia unayokusudia, saa ya mwisho ya kurudi na simu za dharura. Mfundishe mambo mawili.

La kwanza, kusoma alama. Alama tatu mahali pamoja zinaweza kuwa umetua au unapanda kwa kuzunguka. Alinganishe mwinuko wa alama na mwinuko wa ardhi. Uwanja wa Minden uko kama mita 1,440, lakini kilele cha White Mountain ni mita 4,344, kwa hiyo "mita 3,000" peke yake haisemi kama uko hewani. Alama tatu mfululizo zikikosekana, aanze kuuliza: wenzako walio angani wakuite kwenye redio (Marekani glaida hutumia masafa ya 123.3), kisha simu, kisha viwanja vya jirani. Saa ikipita bila jibu, au jua likizama, ampigie sherifu wa kaunti yenye alama ya mwisho. Kituo cha uokoaji cha jeshi la anga, AFRCC, huko Florida, ndicho huratibu utafutaji wa ndege zilizopotea Marekani bara. Asingoje hadi asubuhi.

La pili, kutaja mahali. Alama ikiandikwa 38.50, hiyo ni digrii 38 na dakika 30. Akisoma simuni "thelathini na nane, hamsini" na msikilizaji akaandika dakika 50, helikopta itaenda kilomita 37 kaskazini mwako. Aseme neno "desimali" kwanza, asome tarakimu moja moja, kisha adai zirudiwe.

Ukitua porini

Kutua porini si dharura, na SOS haihusiki. Tayarisha mapema ujumbe mmoja: "Nimetua salama, leteni trela." Na mwingine: "Mimi mzima, ndege imeharibika." Toka, weka traka juu ya bawa au juu ya jiwe, mbali na kaboni na mbali na kivuli cha mlima, utume, kisha uiache ikiwaka kwa vipindi viwili kamili vya kufuatilia. Marubani wengi huzima wakishasimama tu, kumbe alama ya mwisho ni ya dakika 8 zilizopita upande wa pili wa mlima, na gari la trela linaingia bonde lisilo lenyewe. Kwa inReach subiri jibu la mtu wako. Kwa SPOT tuma ujumbe wa OK, kaa kama dakika 20, tuma tena.

Traka ikishapakiwa pamoja na ndege, izime. La sivyo anayekuangalia ataona glaida yako ikipita barabara kuu usiku kwa kilomita 90 kwa saa, na baadhi yao hupiga simu.