Kobe wa kufugwa na tumbo la mtoto: majibu ya maswali yenu

Mjomba kamnunulia mwanangu wa miaka mitatu kobe mdogo barabarani hapa Ohio. Maji yake ni maangavu kabisa. Kuna ubaya?

Upo, mama. Salmonela, bakteria wanaoleta kuhara, huishi utumboni mwa kobe bila kumdhuru, hutoka na kinyesi, kisha hushika kwenye gamba, mawe na hayo hayo maji maangavu. Tangu 1975 Marekani imekataza kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5 haifai kufuga mnyama huyu. Msimtupe mtoni; mpelekeni kwenye kituo kinachopokea wanyama.

Kichanga changu cha miezi mitano kimekutwa na salmonela. Hajawahi kumgusa mjusi wa kaka yake! Imefikaje?

Pole sana. Swali hili limeniuma, kwa sababu hakuna aliyefanya uzembe wa makusudi. Hebu tazama jioni moja: kaka anamtoa mjusi kwenye tangi, anamweka begani, anamrudisha, ananawa mikono vizuri. Kisha anambeba mdogo wake, naye anaanza kunyonya shati pale pale begani. Au tangi linasuguliwa kwenye sinki la jikoni, chupa ya maziwa inaoshwa baadaye humo humo. Shati libadilishwe. Tangi lioshewe nje, kwa beseni lake peke yake, na mjusi asifike jikoni.

Kwa kichanga, bakteria hawa wanaweza kuingia kwenye damu, hata kufika kwenye utando wa ubongo. Akipata homa, akikataa kunyonya, nepi ikikaa kavu au choo kikiwa na damu, usingoje asubuhi: rudi hospitali.

Nikimpa mjusi antibiotiki si atapona?

Hapana. Dawa haiwamalizi bakteria, inawazoesha tu kuishi nayo. Na kipimo safi leo hakikuhakikishii kesho, maana bakteria hawatoki na kinyesi kila siku.

Hii ndiyo taifodi?

Ni ndugu zake. Salmonela ya taifodi makao yake ni binadamu tu. Hii ya kobe na mijusi kwa kawaida huleta kuhara, homa na msokoto wa tumbo kati ya saa 6 na siku 6, na watu wengi hupona ndani ya wiki kwa kunywa maji ya kutosha. Wazee, wajawazito na wanaoishi na VVU wawahi kwa daktari.

Tunakwenda kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kwenye kobe wakubwa. Watoto wasiwalishe kobe?

Wakubwa wawalishe tu, wale kobe ni fahari ya kuwaona. Wadogo watazame wakiwa mikononi mwenu. Bebeni sabuni na chupa ya maji, wanawe kabla ya kupanda boti, kwa sababu humo ndimo maembe yanapofunguliwa.