Kidenenda wa kwenye mafunjo: utamtambuaje?

Swali: Kwenye mafunjo ya Dunga, karibu na Kisumu, nimeona mara kadhaa ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi myeusi mgongoni na utosi wa rangi ya kutu. Kitabu changu kina wawili wanaofanana naye. Nitajuaje ni yupi?

Jibu: Huyo ni kidenenda, na wawili wanaokuchanganya, kwa majina yao ya kisayansi, ni Cisticola carruthersi na Cisticola marginatus, ambaye vitabu vya zamani humwita galactotes. Wote wana urefu wa sentimita 13 hivi na utosi wa kutu. Wengi hukosea kwa sababu huanzia kichwani, na kichwa hakiwatofautishi.

Anza na bawa lililokunjwa. Manyoya makubwa ya bawa la marginatus yana kingo za kutu iliyokolea, hivyo likikunjwa unaona bamba la kutu lililojitenga wazi na mgongo. Carruthersi hana bamba hilo. Kisha angalia mkia: wa carruthersi unakaribia weusi, wa marginatus umefifia kuelekea kijivu. Mdomo wa carruthersi nao ni mwembamba na mweusi zaidi. Piga picha ukiwa ubavuni mwa ndege, kwani tumboni wote ni weupe-weupe. Jua la jioni lina hila yake: hufanya kila kahawia ionekane kutu, na carruthersi mzima akageuzwa marginatus. Nenda kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, simamisha mtumbwi pembeni mwa mafunjo, utulie dakika 15. Dume hupanda juu ya mafunjo kuimba. Ukisikia mkwaruzo mrefu, mkavu, kama saa ya zamani inayotiwa ufunguo, huyo ni marginatus. Usimchezee sauti iliyorekodiwa tena na tena. Ataacha kula na kulisha makinda ili apambane na mpinzani asiyekuwepo.

Makazi yanasaidia, ila yasikuamulie. Carruthersi ameshikamana na mafunjo yaliyosimama, kuanzia Dunga na kinamasi cha Yala hadi Uganda, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Marginatus hukaa kwenye matete na nyasi ndefu za majini, lakini pia hujipenyeza pembezoni mwa mafunjo, hasa yalipokatwa au kuchomwa. Kwa hiyo katikati ya mafunjo mazito, mtazamie carruthersi. Ukingoni, usiandike jina kabla hujaona bawa. Kuandika "kidenenda" tu ni kumbukumbu safi kuliko jina la kubahatisha.

Akiwa hana michirizi kabisa na chini ni wa manjano, huyo si kidenenda. Yaelekea ni Calamonastides gracilirostris, ndege wa mafunjo anayekabiliwa na tishio la kutoweka. Huyo mpige picha, andika tarehe na mahali ulipomwona, uwapelekee wanaohifadhi Ziwa Victoria.