Unataka kupeleka wapiga mbizi Matema? Kwanza fikiria mlima

Juzi kuna jamaa wa Mbeya mjini kanipigia simu, ameona picha za wazungu wakizamia kule Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, sasa anataka kukopa Saccos anunue kompresa ya kujazia hewa na mitungi sita. "Kaka, inalipa?" Nikamwambia inalipa, ila kabla hujasaini huo mkopo niambie, mteja wako akitoka majini saa nane mchana anarudi Mbeya saa ngapi? Akasema si jioni hiyohiyo, kuna Noah. Hapo ndo tatizo lilipo, na mimi nimelijua kwa kuungua.

Ziwa Nyasa lipo kama mita 475 kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na kabla hujafika unavuka milima ya Uporoto ambako barabara inapita mita 2,000. Mtu aliyetoka kupumua hewa ya mtungi chini ya maji ana naitrojeni nyingi mwilini, ikitoka taratibu hana shida, lakini ukimpandisha mlimani haraka inatoka kwa mapovu kama soda uliyoitikisa halafu ukaifungua. Kila mpiga mbizi anajua asipande ndege siku hiyo, ila nani anamwambia kwamba Noah ya kwenda Mbeya nayo inapaa?

Mwaka wangu wa kwanza nilizamisha wageni wawili mara mbili, tukala fasta tukaondoka. Tulipofika Tukuyu mmoja akaanza kulalamika bega, mimi nikamwambia ni begi hilo, pole. Kupita kidogo tu vidole vikaanza kumfa ganzi. Tukageuza gari, hospitali wakamwekea oksijeni, tukakesha kwenye simu na madaktari wa bima yake usiku kucha. Alipona, nashukuru Mungu, maana chemba ya shinikizo ya kutibu hayo mambo huku Nyanda za Juu hatuna. Tangu siku hiyo nina mtungi wa oksijeni kwenye boti, na mteja akizama zaidi ya mara moja hapandi mlima mpaka yapite masaa 18, yaani kipimo kilekile wanachoshauri kwa ndege. Anayelalamika namrudishia hela yake.

Na cha kuchekesha, ule usiku wa ziada ndo ulioniokoa kibiashara. Mgeni akilala anakula wali wa Kyela kwa mama, asubuhi anapanda mtumbwi, ikiangukia Jumamosi nampeleka Lyulilo kwenye soko la vyungu vya Wakisi. Kuzamia peke yake kusingelipa hata mafuta ya boti.

Maana msimu wenyewe ni mfupi. Kyela mvua yake mnaijua, Machi mpaka Mei Mbaka na Lufilyo zinaleta tope la mashamba ya milimani, ukishuka huoni hata mkono wako, na mteja aliyelipa kuona samaki wa rangi hataki kusikia habari za kilimo. Mimi wapiga mbizi nawapokea Septemba hadi Novemba, miezi mingine nakodisha miwani na mapezi tu, tena pale mwambani ambako samaki wadogo wa mawe wanaonekana vizuri hata bila mtungi. Kwa kweli anayeanza aanze na hayo, kompresa ije baadaye.

Halafu kichocho. Usimfiche mteja, atakisoma mwenyewe kwenye simu na atakuona tapeli. Mwambie konokono wanaokisambaza wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, ndo maana tunashukia kwenye kina kutoka kwenye boti, na akifika kwao akapime wiki 6 hadi 8 baadaye, dawa ipo. Watafiti upande wa Malawi walishaona kwamba samaki wanaokula hao konokono wakivuliwa sana, konokono wanaongezeka na kichocho nacho kinapanda. Kwa hiyo kokoro na nyavu za vyandarua zinakugusa wewe mwenye boti moja kwa moja. Mimi vikao vya BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) sikosi, na kijana anayenionyesha miamba ni mvuvi, namlipa siku ya kuzamia sawa na anachopata akivua vizuri, tangu hapo hakuna anayetega nyavu kwenye miamba yangu (naiita yangu, ya Mungu hiyo).

Vitu vidogo: maji ya ziwa hayana chumvi, hayakubebi kama bahari, fundi wa kuzamia aliyetoka Zanzibar atamjazia mteja vyuma vingi vya uzito mkandani mpaka azame kama jiwe, mwambie apunguze. Kuanzia mwinuko wa mita 300 kutoka usawa wa bahari hesabu za kuzamia zinabadilika, kwa hiyo jedwali la kina na muda la baharini usilitumie hivihivi. Leseni ya biashara ya utalii (wengi tunaiita TALA) fuatilia mapema, usisubiri mgeni awe ameshatua uwanja wa ndege wa Songwe.

Yule jamaa bado hajakopa, anakuja Oktoba alale siku mbili aone.