Anza na hukumu moja: kwa wanaoingia kwenye somo la mauaji ya kimbari

Ukianza somo hili, weka takwimu pembeni kwanza. Wayahudi milioni 6 wa Ulaya, watu zaidi ya 800,000 wa Rwanda: utazikariri kwa siku moja na bado hutajua nani alimwamuru nani, wala kwa nini jirani alitii. Chukua hukumu moja ya mahakama uisome mwanzo hadi mwisho, hata zile kurasa za taratibu zinazochosha.

Wanagenzi mimi huwapa ile ya Jean-Paul Akayesu, iliyosomwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998. Ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, ingawa Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu huo ni wa 1948. Akayesu alikuwa meya wa Taba, nchini Rwanda. Mwanzoni mwa Aprili 1994 alijaribu kuzuia mauaji katika eneo lake. Tarehe 18 akahudhuria mkutano na viongozi wa serikali ya muda, kisha akageuka, akawa upande wa wauaji. Hapo soma polepole. Mkatili wa kuzaliwa hana mengi ya kukufundisha. Mtawala wa kawaida aliyepima upepo akabadilika, anayo. Fuatilia pia ubakaji: haukuwamo kwenye mashtaka ya awali, uliongezwa 1997 baada ya mashahidi kuutaja mbele ya majaji.

Kinachowasumbua wanafunzi zaidi ni nia. Wingi wa maiti hautoshi. Lazima ithibitike kwamba kusudi lilikuwa kuangamiza kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini, lote au sehemu yake. Amri ya wazi kama ya jenerali Mjerumani Lothar von Trotha dhidi ya Waherero wa Namibia ya leo, Oktoba 1904, ni adimu. Mara nyingi kusudi husomwa kwenye matendo: vizuizi barabarani, vitambulisho vyenye kabila, nani aliachwa apite. Kambodia, mwaka 2018, Nuon Chea, kiongozi wa utawala wa Khmer Rouge, alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari ya Wavietnamu na Wacham, jamii ya Waislamu wachache, lakini vifo vya Wakhmer wenyewe, kabila la walio wengi, vilihukumiwa kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Usidhani uhalifu huo wa pili ni mdogo.

Baada ya Taba nenda Srebrenica, Bosnia, kesi ya Radislav Krstić, jenerali wa Waserbia wa Bosnia, na usome rufaa ya 2004 sambamba na hukumu ya 2001. Majaji walishikilia kwamba mauaji ya kimbari yalitokea, ila wakamwona Krstić msaidizi wa uhalifu huo, kifungo kikashuka kutoka miaka 46 hadi 35.