Kabla hujasaini safari ya nyambizi

Ndugu, nimekuelewa: unatamani kushuka kwa nyambizi hadi kwenye mabaki ya meli, na kampuni inakuharakisha usaini. Tafadhali, subiri kwanza.

Dai cheti cha chombo chenyewe kutoka taasisi huru ya ukaguzi, kama DNV au Lloyd's Register, kinachotaja kina kilichoidhinishwa. Nyambizi ya watalii iitwayo Titan haikuwa nacho. Juni 2023 ilipondeka ikielekea Titanic, iliyolala karibu mita 3,800 chini, na watu 5 wakafa. Kwa shinikizo la kule, ganda la nyambizi likishindwa hakuna muda wa kuokolewa.

Bahari kuu haina nchi moja inayoitawala, hivyo ile hati ya kukubali hatari mpelekee wakili wa masuala ya bahari. Kampuni ya bima nayo ikuthibitishie kwa maandishi kuwa inakulinda katika safari hii.

Wakikwepa swali la cheti, achana nao, hata kama umeshalipa.